Kampuni yetu ilinunuliwa, tarehe zetu zikapotea: nyota mbili kwa huduma ya mpito

Huduma ninayoitathmini hapa huiagizi wala huwezi kuikataa. Kampuni kubwa inapoinunua ndogo, siku hizi huja na mpango mzima kwa ajili ya wafanyakazi: mkutano wa kuwakaribisha, ukurasa wa maswali na majibu, wataalamu wa kuhamisha kumbukumbu, dawati la simu la utumishi, posho ya kubaki kwa wachache, na mshauri wa kutafuta kazi kwa wale watakaoachishwa. Wenyewe waliuita huduma ya mpito. Niliishi ndani yake miezi 14, tangu asubuhi ya tangazo hadi jioni niliyorudisha kadi ya mlangoni. Nilikuwa mhasibu wa mishahara, mwaka wa 11 pale, katika kampuni ya watu 143. Aliyetununua simtaji. Natoa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili zilipatikana kwa jasho la watu, si kwa mpango.

Mkutano ulikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, kwenye ukumbi wa chakula. Walitundika skrini kubwa. Mkurugenzi wa kampuni iliyotununua alizungumza dakika 22 kutoka ofisini kwake, na bosi wetu wa siku zote alisimama karibu na mlango, mikono kaifunga kifuani, hakusema neno. Nilikuwa na daftari, kwa hiyo najua: maneno "hakuna kitakachobadilika" yalisemwa mara tatu. Watu walipiga makofi. Dada wa mapokezi alilia kwa nafuu, maana uvumi ulikuwa umemnyima usingizi wiki nzima.

Mimi sikupiga makofi, na sababu ni kazi yangu. Anayenunua kampuni huwa ameshapiga hesabu ya namna fedha yake itakavyorudi, na sehemu ya hesabu hiyo ni kazi zinazofanywa mara mbili. Baada ya ununuzi kunakuwa na ofisi mbili za mishahara, mbili za uhasibu, mbili za utumishi, mbili za manunuzi, mafundi kompyuta wa pande mbili. Mitambo itabaki, wauzaji wenye wateja wao watabaki kwa muda, lakini hakuna anayelipa mishahara kwa ofisi mbili milele. Nilijua hivyo nikiwa nimekaa pale kwenye kiti cha plastiki, na nilijua pia kwamba ofisi ya mishahara ni mimi na wenzangu watatu.

Usiku ule nilianza kusoma yaliyowapata wengine. Kisa cha Cadbury kilinikaa rohoni. Kampuni ya Kraft ilipokuwa ikiitaka Cadbury, ilisema inaamini inaweza kuendelea kukiendesha kiwanda cha Somerdale, katika mji wa Keynsham kule Uingereza, ambacho kilikuwa tayari kwenye mpango wa kufungwa. Februari 2010 ikaupata umiliki. Haikupita hata wiki mbili ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa, na watu wapatao 400 wakaona kazi zao zinakwenda. Mwezi Mei mwaka huo chombo kinachosimamia ununuzi wa kampuni nchini humo kiliikemea Kraft hadharani kwa kauli ile. Karipio halikufungua kiwanda. Nilichojifunza ni kwamba kauli ya "tunaamini tutaweza" haimfungi mtu yeyote, na sisi tulikuwa tumepigia makofi kauli nyepesi kuliko hiyo.

Kifurushi cha makaribisho kilikuwa begi, chupa ya maji, daftari na fulana yenye nembo mpya. Vitu vizuri. Sina zaidi la kusema juu yake.

Ukurasa wa maswali ulikuja wiki hiyohiyo. Unaandika swali, unapewa namba, unaahidiwa jibu ndani ya saa 48. Swali langu lilipewa namba 37. Niliuliza hivi: "Je, miaka ambayo mfanyakazi amekwisha kutumikia itahesabiwa katika kiinua mgongo, likizo na muda wa notisi kwa mwajiri mpya, na itaandikwa wapi?" Jibu lilifika siku ya 19. Lilisema kampuni inathamini mchango wa kila mfanyakazi na kwamba taarifa zaidi zitatolewa kwa wakati muafaka. Niliuliza tena kwa maneno mengine, nikapewa namba 112, na jibu lilikuwa lilelile, neno kwa neno. Nilipoupitia ukurasa wote niliona kwamba maswali ya maegesho, nembo mpya na anwani za baruapepe yalijibiwa siku hiyohiyo kwa ukamilifu. Yale ya mkataba, mafao na miaka ya kazi yalijibiwa kwa sentensi ileile ya shukrani. Waliobuni ukurasa ule hawakuwapa wajibuji ruhusa ya kujibu. Wajibuji siwalaumu, mmoja wao nilikuja kumfahamu baadaye na alikuwa kijana anayejituma. Lakini huduma ya maswali isiyoweza kujibu maswali mazito inawapotezea watu siku ambazo wangezitumia kutafuta mwanasheria au kukaa na chama cha wafanyakazi.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo hakuna aliyetueleza, na ambalo ningependa kila mtu aliulize siku ya kwanza. Kuna njia mbili kuu za kuinunua kampuni. Mnunuzi anaweza kununua hisa. Hapo mwenye kampuni anabadilika lakini kampuni yenyewe ni ileile, mwajiri wako kisheria ni yuleyule, na mkataba wako unaendelea palepale ulipokuwa. Au anaweza kununua biashara na mali zake: mitambo, mizigo, wateja, jina. Hapo kampuni ya zamani inabaki ganda tupu, na wafanyakazi inabidi wavushwe kwenda kwa mwajiri mpya. Katika Umoja wa Ulaya kuna agizo lililoanza mwaka 1977 na kuandikwa upya mwaka 2001, linalosema kwamba biashara ikihama, mikataba ya kazi inahama nayo pamoja na haki zake, na kwamba kuhama kwenyewe hakuwezi kuwa sababu ya kumfukuza mtu. Uingereza ina kanuni zake za mwaka 2006 za mtindo huohuo. Marekani njia ni nyingine: kuna sheria ya mwaka 1988 inayowataka waajiri wenye watu 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kituo au kuachisha watu kwa wingi, na ulinzi mwingine unategemea mkataba. Kwa hiyo swali la "tumenunuliwa hisa au tumenunuliwa mali?" lina uzito kuliko hotuba yote ya dakika 22.

Sisi tulinunuliwa mali. Kila mmoja alipewa barua mpya ya ajira na siku kumi za kuitia saini. Ilikuwa na kurasa nne, na kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi moja: "Utumishi wako wa awali utatambuliwa." Hakukuwa na tarehe wala idadi ya miaka, wala kusema utatambuliwa kwa ajili ya nini.

Mzee wa ghala alikuja ofisini kwangu siku ya tisa, barua mkononi, bado haijasainiwa. Alikuwa na miaka 19 pale. Nilimkuta pale nilipoanza kazi, na ndiye aliyenifundisha kusoma fomu za mizigo ili nijue saa za ziada za watu wake zinatoka wapi.

"Mwanangu," aliniambia, "nimeisoma mara tatu. Hapa wanasema watanitambua. Nataka kujua watanitambua kama nani."

Nilimwambia asaini lakini kabla ya kusaini aandike kwa mkono wake, pembeni ya sentensi ile, tarehe aliyoajiriwa, kisha aitolee nakala. Sikuwa mwanasheria, na hadi leo sijui kama maandishi yale yangesimama mahakamani. Ila nilijua kwamba karatasi yenye tarehe ni bora kuliko isiyo na tarehe. Kufikia jioni watu 20 hivi walikuwa wamefanya kama yeye.

Juu ya posho ya kubaki nitasema machache, maana mengine niliyaona kwa sababu ya dhamana yangu na dhamana hiyo haiishi na ajira. Mnunuzi huchagua watu anaohofia kuwapoteza na kuwaahidi malipo wakikaa, kwa mfano, miezi 12. Ni jambo la kawaida na halina ubaya wenyewe. Ubaya ulikuwa kwenye usiri. Wateule waliagizwa wasimwambie mtu, na mimi niliyaona majina kwa sababu lazima mtu ayaingize kwenye mfumo. Nilikaa meza moja ya chakula na rafiki yangu wa miaka minane, yeye akiwa hayumo, msaidizi wake akiwa yumo. Aliniuliza kwa nini siku hizi nakula haraka. Siku moja siri ikatoka, kama siri za namna hiyo zinavyotoka, na kitengo kizima cha mauzo kikagawanyika. Mpango ungeeleza wazi vigezo vya posho hata bila kutaja majina, watu wangeumia lakini wasingesalitiana.

Sasa nifike kwenye tarehe.

Mwezi wa tatu wa mpito wakaja wataalamu wa kuhamisha kumbukumbu zetu kwenda kwenye mfumo wa mnunuzi. Nilipewa kiolezo, jedwali kubwa lenye safu nyingi, nijaze safu mlalo 143, kila mtu na yake. Nikajaza. Wao wakayachukua, wakayasafisha kama wanavyosema, na kunirudishia niyahakiki kabla ya kuingizwa. Nina desturi ya kuhakiki kuanzia kwa mtu ninayemfahamu vizuri, kwa hiyo nilikwenda kwanza kwa mzee wa ghala. Jina sawa. Akaunti ya benki sawa. Tarehe ya kuajiriwa: siku kampuni iliponunuliwa. Nikashuka mstari unaofuata, tarehe ileile. Na unaofuata. Watu 143, wote tumeajiriwa siku moja. Watu 58 kati yetu walikuwa na zaidi ya miaka kumi, na kwenye jedwali lile hakuna aliyefikisha miezi mitatu.

Nilipiga simu. Kijana wa upande wa pili alikuwa mpole na mwenye haraka.

"Dada, hiyo ni sahihi," alisema. "Kwa mwajiri mpya nyote mmeanza siku hiyo."

"Na miaka ya nyuma inakaa wapi?"

"Ipo safu nyingine kule mwisho, tarehe ya utumishi endelevu. Ila si ya lazima, mfumo unakubali bila hiyo. Tumeiacha wazi ili tusichelewe."

Nataka msomaji aelewe uzito wa safu hiyo. Mifumo mingi mikubwa ya utumishi huweka tarehe mbili kwa kila mtu: siku aliyoingia kwa mwajiri wa sasa, na siku ambayo utumishi wake usiokatika ulianza. Ya kwanza ni ya kumbukumbu. Ya pili ndiyo inayolisha hesabu za kiinua mgongo, muda wa notisi, na mara nyingi siku za likizo zinazoongezeka na miaka. Ikiwa wazi, mfumo hauulizi, unachukua ile ya kwanza. Hakuna mtu aliyekaa kikaoni akaamua kutunyang'anya miaka. Iliondoka kwa sababu kisanduku kilikuwa hakina ulazima na mradi ulikuwa na tarehe ya mwisho.

Mkataba wetu wa zamani ulitoa mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi pale mtu anapopunguzwa. Kwa mzee wa ghala, 19 mara 15 ni siku 285, yaani miezi tisa na nusu ya mshahara. Kwa tarehe iliyokuwa kwenye jedwali, kama angepunguzwa kabla ya mwaka kwisha, mwaka kamili hakuwa nao hata mmoja. Angetoka na sifuri.

Niliandika baruapepe. Nikaandika ya pili. Nilikataa kusaini fomu ya uhakiki, na kwa mtu kama mimi, ambaye sijawahi kuchelewesha mshahara hata siku moja, kukataa kusaini kuliniumiza tumbo usiku kucha. Siku ya nne nikapigiwa simu na mama mmoja wa utumishi wa upande wa mnunuzi, sauti nzito, haongei sana. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Niletee ushahidi wa kila mtu, nitaijaza safu hiyo mwenyewe. Una siku 12."

Barua za ajira za watu 143 zilikuwa kwenye makabati matatu ya chuma na masanduku kwenye chumba kilichokuwa na mapipa ya rangi. Mimi na mwenzangu mmoja wa mishahara tulifanya kazi wikendi mbili. Tulipata 134. Kwa waliobaki tisa tulitafuta vingine: hati ya mshahara wa kwanza, taarifa ya michango ya pensheni inayoonyesha mwezi wa kuanza, na kwa mama mmoja wa usafi, kitambulisho cha kwanza cha kazi alichokuwa amekihifadhi nyumbani ndani ya bahasha, picha imefifia lakini tarehe inasomeka. Alikileta akiwa amekishika kwa mikono miwili. Miaka 16.

Siku ya 11 tulipeleka yote. Ilimchukua yule mama wiki moja. Jedwali liliporudi, nilikwenda tena kwanza kwa mzee wa ghala, na safu ya mwisho ilikuwa imejaa. Nyota ya kwanza ninayoitoa ni ya huyo mama. Alikuwa ndani ya mpango, alikuwa na mamlaka ya kujaza kisanduku, akayatumia.

Mwezi wa saba watu 31 waliachishwa kazi.

Hapa lazima niwe mkweli kwa pande zote, kwa sababu namna ilivyofanyika ilikuwa bora kuliko nilivyohofia. Nilikuwa nimesoma jinsi Microsoft ilivyokamilisha kununua kitengo cha simu cha Nokia mwezi Aprili 2014, na Julai ya mwaka huohuo kutangaza kupunguza hadi nafasi 18,000, kiasi cha 12,500 kati ya hizo zikiwa za watu waliotoka Nokia. Miezi mitatu tu. Nilikuwa nimesoma pia habari za Twitter, iliponunuliwa mwishoni mwa Oktoba 2022 na wiki iliyofuata kiasi cha nusu ya wafanyakazi wake wapatao 7,500 wakaondolewa, wengine wakigundua pale kompyuta zilipokataa kufunguka. Kwetu kila mmoja aliitwa na kuambiwa ana kwa ana, katika chumba chenye mlango unaofungwa, na msimamizi wake akiwepo. Barua ilikuwa na hesabu kamili, mstari kwa mstari: notisi, kiinua mgongo, likizo, tarehe ya malipo. Hakuna aliyesindikizwa na mlinzi. Walipewa wiki moja ya kuaga. Nyota ya pili ni hiyo.

Mzee wa ghala alikuwemo. Siku 285 zililipwa zote, kwa tarehe iliyoandikwa. Alipotoka kwenye chumba kile alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa, akaivua miwani, akainyoosha barua mezani na kuweka kidole kwenye ule mstari wa miaka. Hakusema lolote juu ya kuachishwa. Alisema, "Wameandika kumi na tisa." Tukakaa kimya pale kama dakika tano hivi.

Kwa waliotoka kulikuwa na mshauri wa kutafuta kazi, vikao sita kwa kila mtu ndani ya miezi mitatu. Nimeongea na 12 kati ya waliotumia. Mshauri mwenyewe walimsifu: alisoma wasifu wa kila mtu kwa makini, aliwafanyisha mazoezi ya usaili, aliwapigia simu bila kukumbushwa. Ila huduma ilitengenezwa kwa watu wa ofisini. Kila kitu kilipitia kwenye tovuti yenye nenosiri na baruapepe, na nusu ya waliotoka walikuwa watu wa ghala, usafi na uendeshaji wa mitambo, ambao hawajawahi kuandika wasifu kwa sababu waliajiriwa kwa kuonekana wakifanya kazi. Mama wa usafi hakwenda hata kikao kimoja. Dereva mmoja alikwenda kimoja, akaulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano, akaja kuniambia hatarudi tena. Wangewapa hao barua nzuri ya utambulisho na kuwapigia simu waajiri watatu kwa niaba yao, wangewasaidia zaidi ya vikao sita.

Na wale waliobaki? Mpango hauna neno kwa ajili yao. Inachukuliwa kwamba kubaki ni zawadi tosha. Kazi za watu 31 hazikuondoka na watu 31, ziligawanywa. Msimamizi wa ghala mpya alikuwa ofisi ya mbali na alionekana kwenye skrini Jumatatu. Fundi wetu, aliyekuwa akinunua nati na bolti kwa kumwambia tu bosi, sasa alihitaji idhini tatu, na mashine ilikaa siku mbili ikisubiri kipande ambacho zamani angekileta kabla ya chakula cha mchana. Vyeo vilibadilishwa majina. Mtu aliyekuwa mkuu wa kitengo akawa mtaalamu daraja la tatu, mshahara uleule, na nilimwona akiitazama kadi yake mpya ya jina kana kwamba ni ya mtu mwingine. Watu wakaanza kuondoka wenyewe, na walioondoka kwanza ni wale wenye ujuzi unaotafutwa, wakiwemo wawili waliosubiri tu miezi 12 ya posho itimie. Nawaza juu ya hili mara nyingi. Kampuni ililipa ili wasiondoke, kisha haikubadilisha lolote katika yale yaliyowafanya watake kuondoka.

Ofisi ya mishahara ilihamishiwa kituo kikuu mwezi wa 13. Tulitoka wanne hadi wawili, kisha mimi peke yangu, nikapewa wiki nane za kukabidhi kazi. Niliwafundisha mabinti wawili kwa skrini, wepesi na wenye adabu, wakiniita mwalimu. Niliwaeleza vitu ambavyo havipo kwenye mfumo wowote: nani ana makubaliano ya kukatwa mkopo kwa awamu, nani jina lake la benki linatofautiana na la kitambulisho kwa herufi moja na malipo yatagoma, nani mke wake hupokea sehemu ya mshahara kwa barua ya hakimu na hilo halizungumzwi mbele za watu. Nilijaza daftari zima na kulituma. Sikuficha hata moja, kwa sababu wanaolipwa ni wenzangu. Hakuna kipengele cha mpango kilichouliza maarifa hayo yako wapi. Orodha ya makabidhiano niliyopewa ilikuwa na vitu vinane: kompyuta, chaja, kadi, funguo, na vingine vya namna hiyo.

Nami nilipewa barua yangu, kwenye chumba kilekile. Miaka yangu ilikuwa imeandikwa, 12 kamili sasa. Notisi sawa. Kiinua mgongo kimelipwa siku waliyosema.

Ila likizo haijakaa sawa, na ndiyo sababu sijaongeza nusu nyota. Nilikuwa na siku 16 ambazo sikuzitumia. Sera ya mwajiri mpya inaruhusu kuvusha siku tano tu kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo mfumo ulifuta 11. Siku hizo sikuzilimbikiza kwa kupenda. Niliomba likizo mara mbili, ikakataliwa mara mbili kwa maandishi, kwa sababu uhamishaji wa kumbukumbu ulikuwa unaendelea na mimi ndiye niliyekuwa nikiuhakiki. Baruapepe za kukataliwa ninazo. Nimeandika dawati la utumishi mara tatu. Mara ya kwanza nilipewa namba, mara ya pili nilishukuriwa kwa mchango wangu. Barua ya tatu nimeielekeza kwa yule mama mwenye sauti nzito, nikiambatisha kukataliwa kote kuwili, na ina siku sita tangu ifike. Zikilipwa nitairekebisha tathmini hii na kuandika tarehe.